Antivirusi iliyokalia barua zangu bila kusema neno

Usiku mzima mpaka mchana wa kesho yake barua pepe yangu ilikaa kwenye kisanduku cha barua zinazotoka, na antivirusi, programu niliyoilipia inilinde dhidi ya virusi vya kompyuta, ndiyo iliyokuwa imeikalia. Sitaeleza hapa ina vipengele vingapi wala inachuja virusi kwa kasi gani. Hayo yako kwenye tangazo lao, kasome mwenyewe. Mimi nina neno moja tu nayo: inazuia barua na haisemi kwamba imezuia. Kwa hilo nimeipa nyota mbili, na hata hizo mbili nimezitoa kwa shingo upande.

Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu. Mzee mmoja aliniletea kumbukumbu za maisha yake, daftari tano zilizoandikwa kwa mkono. Tukazichapa, tukazisoma neno kwa neno mimi na yeye, tukabishana hadi kuhusu nukta na mkato. Siku moja mwezi uliopita, kama si mwishoni mwa ule uliotangulia, tukamaliza. Matbaa ilikuwa imetupa nafasi kwenye mashine asubuhi ya siku inayofuata. Nikaambatisha faili, MB 14, nikaandika salamu fupi, nikabofya Tuma, nikaenda kulala roho ikiwa imetulia kabisa.

Mchana wa kesho yake simu ikalia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hawa watu wa matbaa wanasema hawajaona kitu."

"Nilituma jana usiku, mzee."

"Mimi nakuamini. Ila wao wanasema hawajaona."

Lile "mimi nakuamini" lilinichoma kuliko angenigombeza.

Nikafungua Outlook, programu ninayotumia kwa barua pepe. Barua ipo palepale, kichwa chake kimeandikwa kwa herufi za mlazo, yaani bado iko kwenye foleni. Hakuna onyo, hakuna alama nyekundu. Nikaifungua nione kama faili limo, nikaifunga. Herufi zikawa za kawaida, zimenyooka, nikadhani hiyo ni dalili njema. Kumbe ukiifungua barua iliyo kwenye foleni unaiondoa foleni, na haitaondoka hata ukisubiri mwaka mpaka uibofye Tuma upya. Hili nalijua leo. Siku ile sikulijua, kwa hiyo nikawa na matatizo mawili yamelaliana, na kila nilipodhani nimelikamata moja, kumbe nimeshika mkia wa jingine.

Nikabofya Tuma tena. Mstari wa kijani ukatambaa, ukafika karibu na mwisho, ukaganda. Baada ya dakika moja hivi likaja kosa 0x8004210B, ambalo maana yake ni kwamba Outlook imesubiri jibu la seva ya kutuma, yaani kompyuta ya kampuni inayonihifadhia barua, mpaka muda ukaisha. Nikajaribu barua ya mstari mmoja isiyo na kiambatisho. Ikapita kama mshale. Nikaweka kiambatisho, ikaganda. Nikafungua sanduku lilelile la barua kwa kivinjari, nikapakia faili lilelile, likaondoka chini ya dakika mbili. Matbaa wakalipata, ndiyo. Ila nafasi ya mashine walikuwa wameshampa mtu mwingine, na kitabu cha mzee kikarudi nyuma ya foleni.

Ningeweza kuishia hapo na kutumia kivinjari maisha yangu yote. Lakini barua zangu za miaka zimo Outlook, na kila siku ninatuma mafaili makubwa. Ilinibidi nijue nani ananishika mkono.

Antivirusi niliishuku mapema, hilo nataka lieleweke. Nilibofya alama yake kule pembeni ya skrini, nikachagua isimame kwa dakika 10, nikatuma. Ikaganda vilevile. Basi nikaiondolea lawama. Nikahamia kwenye mipangilio ya akaunti: jina la seva sawa, poti 587, yaani mlango wa kupitishia barua, sawa, nenosiri sawa. Nikaanzisha Outlook bila viongezi vyake, hali ileile. Nikampigia kijana wa kampuni inayonihifadhia barua, nikamtolea maneno makali, naye maskini hakuwa na kosa lolote. Nimeshamwomba radhi.

Ndipo nikaingia kwenye gumzo la huduma kwa wateja la hawa wenye antivirusi. Mazungumzo ninayo mpaka leo, nimeyahifadhi.

"Habari za leo ndugu mteja, nikusaidie nini?"

Nikamweleza yote, kwa utaratibu, mpaka namba ya kosa.

"Je, kompyuta yako ina intaneti?"

"Ndugu yangu, hapa tunaongea kwa intaneti."

"Tafadhali iwashe upya kompyuta."

Nikaiwasha upya. Nikarudi, nikapewa mtu mwingine, nikaanza hadithi upya.

"Umesema uliizima bidhaa yetu na tatizo likabaki. Kwa hiyo tatizo si la kwetu. Wasiliana na watoa huduma wako wa barua pepe."

"Sawa. Naomba unijibu moja tu. Nikiisimamisha kwa dakika 10, na ukaguzi wa barua pepe nao unasimama?"

Vile vinukta vitatu vya mtu anayeandika vikacheza. Vikatoweka. Vikacheza tena. Halafu: "Gumzo hili limefungwa. Tafadhali tukadirie kwa nyota."

Swali lile ndilo lililokuwa na jibu la kila kitu. Angesema "hapana, hausimami", tungemaliza kwa nusu dakika. Kama hakulijua jibu, angesema halijui, angemwita anayelijua. Kunifungia mlango usoni nikiwa nimeuliza swali la adabu, kisha kuniomba nyota! Nimekaa na hasira hiyo mpaka leo na sioni sababu ya kuificha.

Jibu nilipewa na Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe. Niliisakinisha kwa kukata tamaa, nione tu kama Outlook ndiyo yenye tatizo. Nikaingiza akaunti, nikatuma barua ya majaribio, na papo hapo likafunguka dirisha la onyo: cheti cha seva hii hakiaminiki. Cheti ni kama kitambulisho, kinathibitisha kwamba seva ndiyo yenyewe. Nikabofya kukitazama cheti. Jina la seva yangu lipo, sawasawa. Nikashuka mpaka panapoonyesha aliyekitoa. Haikuwa mamlaka yoyote ya vyeti ninayoijua. Lilikuwa jina la antivirusi yangu.

Nililisoma mara tatu. Mtu wa kati alikuwa ndani ya nyumba.

Inavyofanya kazi ni hivi. Barua inapotoka kwenye kompyuta imefungwa kwa usimbaji fiche, kati yako na seva, na antivirusi haiwezi kuona ndani. Kwa hiyo inajiweka katikati. Kwa Outlook inajifanya ndiyo seva, kwa seva inajifanya ndiyo Outlook. Inaipokea barua, inaifungua, inaikagua, inaifunga upya, ndipo inaipeleka. Ili Outlook isishtuke, wakati wa kusakinishwa inaweka cheti chake chenyewe ndani ya orodha ya Windows ya vyeti vya kuaminika. Thunderbird ina orodha yake yenyewe, ndiyo maana ilikataa kudanganywa. Na ile kusimamisha kwa dakika 10, kwa programu hii niliyonayo, inasimamisha ukaguzi wa mafaili tu. Anayekaa katikati ya barua haondoki.

Sasa chukua faili la MB 14. Viambatisho vinapotumwa kwa barua pepe vinageuzwa kuwa maandishi, na vinavimba kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo zile 14 zinakuwa kama 19. Antivirusi inazimeza zote, inaanza kupekua. Outlook huku nje inasubiri jibu. Kwa kawaida imepangwa kusubiri dakika moja tu, na unaweza kuivuta mpaka dakika 10. Kanuni ya SMTP yenyewe, yaani utaratibu wa kutuma barua pepe, iliyo kwenye waraka wa RFC 5321 wa mwaka 2008, inasema anayetuma akishamaliza kumimina barua asubiri jibu dakika 10. Nikaivuta mpaka mwisho. Ikasaidia, na ikaleta balaa jipya: siku nyingine barua ilikuwa imeshafika kwa mwenyewe, ila jibu la "nimepokea" limekwama kwa mtu wa kati. Outlook kwa kutojua ikatuma tena. Na tena. Mteja wangu mmoja alipata rasimu ileile mara nne, akanijibu kwa upole kwamba ameielewa tangu ya kwanza.

Tatizo hili la barua kurudiwa kwa sababu jibu limechelewa liliandikiwa waraka maalumu, RFC 1047, mwaka 1988. Mwaka 1988! Ushauri wake ni kwamba anayepokea asichelewe kujibu kwa sababu ya shughuli zake za ndani. Hawa jamaa wanauza programu leo, na hawajausikia.

Sikatai kwamba ukaguzi wa barua ulikuwa na sababu. Kirusi cha Melissa kilisambaa kwa barua pepe mwaka 1999, kile cha ILOVEYOU kikafuata mwaka 2000, na vyote viwili vilitumia vitabu vya anwani vya watu kujituma kwa marafiki zao. Wakati ule kukagua barua inayotoka ilikuwa ni kumlinda jirani. Siku hizi seva nyingi za barua zinakagua zenyewe, na faili likiguswa kwenye kompyuta, ukaguzi wa mafaili unalidaka. Sikutaka kuamini hilo kwa kusoma tu, nikalipima.

Nikaingia kwenye mipangilio, siyo ile ya kusimamisha kwa muda. Nikatafuta ngao ya barua pepe, yaani sehemu inayokagua barua, imefichwa chini ya menyu mbili, nikaizima hiyo peke yake. Nikawasha kompyuta upya, hii usiiruke. Kisha nikatengeneza faili la EICAR. Ni mstari wa herufi 68, hauna madhara yoyote, uliwekwa makusudi ili watu wapime kama antivirusi zao ziko macho. Nikaubandika kwenye hati tupu, nikahifadhi.

Sikuwahi hata kuondoa kidole kwenye kitufe. Dirisha jekundu, mlio, "Tishio limezuiwa", faili halipo.

Hapo nilikuwa tayari kuiongezea nyota ya tatu. Haki ya mtu mpe: kwenye mafaili ni kali, na tangu ngao ya barua ilipozimwa Outlook ikawa inatuma bila kusita. Kama wewe barua zako unazituma kwa kivinjari peke yake, haya yangu huenda usiyaone hata siku moja, na ukashangaa ninalalamikia nini.

Lakini nilivyozidi kulitazama lile dirisha jekundu ndivyo nilivyozidi kupandwa na hasira. Kumbe inaweza kusema! Kwa herufi 68 zisizoua hata nzi imepiga kelele nyumba nzima. Kwa kitabu cha mzee, kilichokwama mikononi mwake, haikutoa hata sentensi moja ya "ninaikagua barua yako, subiri". Ingeniambia hivyo tu, ningeizima usiku uleule na mashine isingetupita. Sauti ilikuwa nayo. Haikuona kwamba mimi ni wa kuambiwa.

Na barua zile zilizokuwa zinapita, ilikuwa inazibandikia chini mstari wake kwamba zimekaguliwa nayo na ni salama, pamoja na kiungo cha kwenda kununua. Chini ya jina langu, kwa wateja wangu, bila kuniomba. Niliuona mstari huo kwa mara ya kwanza kwenye jibu la mteja.

Hata hivyo nilikuwa nimekubali kuishi nayo. Nimelipa, muda wangu haujaisha, mafaili inayalinda. Kila asubuhi ilikuwa inanionyesha alama ya njano kwamba "hujalindwa kikamilifu", nami nikawa naifunga na kuendelea na kazi.

Juzi ikajisasisha. Asubuhi nikamtumia mzee jalada la kitabu chake alione, MB 11. Mstari wa kijani ukatambaa, ukafika karibu na mwisho, ukaganda. Nikaenda kwenye mipangilio, menyu mbili chini. Ngao ya barua pepe imewashwa. Imejiwasha yenyewe.

Zile nyota mbili za mwanzo nazifuta, andikeni moja. Nimeisanidua kwa zana yao wenyewe ya kuiondoa, kwa sababu njia ya kawaida huacha masalia, nikawasha kompyuta upya, na Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, ikaamka yenyewe bila kuambiwa. Nikaifungua Outlook. Barua ya mzee bado ipo, kwa herufi za mlazo. Safari hii sikuigusa. Nikabofya Tuma/Pokea, nikatoa mkono kwenye kipanya. Mstari ukafika mwisho. Kisanduku kikawa kitupu, na kabla sijanyanyuka kitini simu ikalia: mzee, anauliza kama rangi ya jalada inaweza kukolezwa kidogo.