Kabari pacha ya Linotype: kipande kinachonyoosha ukingo wa safu ya gazeti

Karibuni tena watazamaji. Kipande hiki nilichokishika ni cha chuma, chembamba, kifupi kuliko penseli mpya. Ukikiangalia juu juu utadhani ni msumeno uliotoka meno. Hii ndiyo kabari ya nafasi ya Linotype, mashine ya kupanga chapa inayosubu mstari mzima wa herufi kwa risasi; kabari ndiyo inayokaa kati ya neno na neno mstari unapopangwa. Leo tunaichambua hii peke yake, kwa sababu mtu anayenunua au kufufua Linotype hukagua mota, chungu cha kuyeyushia risasi na kibodi, halafu kabari anazipokea zote kwenye mfuko bila kuzitazama. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Kwanza tuone kazi yenyewe. Chukua gazeti lolote: safu imenyooka kushoto na kulia. Ili ukingo wa kulia unyooke, nafasi kati ya maneno lazima ziongezwe au zipunguzwe mstari kwa mstari. Aliyepanga herufi kwa mkono alifanya hivyo kwa vipande vya nafasi vya unene mbalimbali. Anatoa chembamba, anatia kinene, anabonyeza mstari kwa kidole gumba, anarudia mpaka ukae. Mashine inakutana na ugumu hapa: haiwezi kujua nafasi iwe kubwa kiasi gani mpaka neno la mwisho la mstari liwe limeshaingia. Ndiyo maana mashine za mwanzo kama Thorne zilitoa herufi kwa mfululizo tu, na mtu wa pili akakaa pembeni kuikata mistari na kuisawazisha kwa mkono. Mwendo wa mashine ukawa mwendo wa yule wa pili.

Linotype ilikata fundo hilo kwa kabari. Ukimwona fundi anakaza mpini wa shoka, anagongea kabari kichwani mpaka mpini ujaze tundu. Wazo ni hilo hilo: acha nafasi iwe kitu kinachoweza kunenepa, mstari ukikamilika sukuma kabari zote kwa pamoja, zinenepe mpaka mstari ujae.

Ottmar Mergenthaler, Mjerumani aliyefanya kazi Baltimore, alianza na kabari moja moja. Mashine yake iliingia kazini kwenye gazeti la New York Tribune tarehe 3 Julai 1886. Lakini kabari moja ina kasoro ambayo utaiona hata bila vipimo: upande mmoja wa chini ni mnene, wa juu ni mwembamba, kwa hiyo kuta zake mbili haziko sambamba. Ukiibana kati ya kalibu mbili, yaani vipande vya shaba vyenye umbo la herufi ambavyo risasi humiminwa kwavyo, kalibu zinainama. Zikiinama zinaacha mwanya, na risasi ya moto haiachi mwanya bila kuingia.

Dawa ilitoka kwa mtu mwingine, Jacob Schuckers. Sasa nasogeza kamera, angalieni vizuri. Kabari hii ina sehemu mbili. Hii ndefu ni kabari yenyewe: nyembamba juu, nene chini. Hii fupi inayoteleza juu yake nitaiita ala, maana inaikumbatia kama ala inavyokumbatia kisu. Ala nayo ni kabari, ila imegeuzwa: nene juu, nyembamba chini. Ala inaning'inia kwa masikio yake mawili na haipandi. Kabari ndefu inasukumwa kutoka chini, sehemu yake nene inapanda ndani ya ala, na unene wa jumla unaongezeka. Kwa kuwa miteremko miwili inapingana, kuta za nje zinabaki sambamba daima. Nasukuma... inanenepa, lakini hainami. Uzuri wote wa kifaa hiki uko hapo, na kwa maoni yangu hakuna kipande kingine ndani ya Linotype kilichofanya kazi kubwa namna hii kwa umbo rahisi hivi. Mvutano wa haki za uvumbuzi ulikuwa mrefu, na mwaka 1895 kampuni ya Linotype iliinunua kampuni ya John Rogers iliyokuwa mshindani wake, na haki ya kabari pacha ikaja pamoja nayo.

Twende kwenye mzunguko wa kazi. Mpanga chapa anabonyeza herufi, kalibu za shaba zinaanguka kutoka ghalani, yaani kasha lililo juu ya mashine zinamohifadhiwa. Neno likiisha anabonyeza wenzo mrefu ulio kushoto mwa kibodi, na kabari moja inashuka kutoka kwenye sanduku lake. Mstari ukikaribia kujaa anautuma. Unaingia kwenye kipandishi cha kwanza, unashuka kati ya taya mbili za jiliwa zilizowekwa kwa upana wa safu. Upau ulio chini unapanda na kuzisukuma kabari. Msukumo huu huja mara mbili: wa kwanza unautandaza mstari, wa pili unaukaza kabisa kabla ya risasi kuingia. Kisha pistoni inashuka ndani ya chungu, risasi ya nyuzi 280 hivi za Selsiasi inajaza kalibu, na mstari mzima unatoka kama mche mmoja wa risasi. Risasi yenyewe si tupu: ina antimoni asilimia 11 au 12 ili iwe ngumu, na bati asilimia 4 hivi ili itiririke vizuri.

Baada ya hapo kuna jambo ninalolipenda sana. Kalibu na kabari zinapandishwa pamoja, lakini kalibu zina meno kichwani yanayoshika upau wenye mifuo, nazo kabari hazina meno. Basi kalibu zinaondoka kurudi ghalani, kabari zinabaki nyuma na kuvutwa kurudi sandukuni. Hakuna anayezichambua kwa mkono. Kwa kuwa zinarudi kila mstari, kabari 30 hivi zinatosha mashine moja kwa siku nzima.

Sasa mipaka yake. Kabari ina kiwango chake cha kunenepa na haiwezi kuvuka hapo. Tuseme mstari umebakiza milimita 3.5 kabari zikiwa katika wembamba wake wa mwisho. Una kabari saba: kila moja inapaswa kuongeza nusu milimita, kazi nyepesi. Una kabari tatu tu: kila moja inadaiwa milimita 1.17, na jicho la msomaji litayaona matundu. Kwa lugha yetu hili si jambo dogo. Neno kama "watatuandikia" ni moja, Kiingereza kinalisema kwa maneno matano. Safu nyembamba ya Kiswahili ina nafasi chache kwenye kila mstari, hivyo kila kabari inabeba mzigo mkubwa zaidi. Ukipanga Kiswahili kwa Linotype, panua safu kidogo au kata maneno kwa kistari bila woga, na ukate kwenye silabi.

Mstari ukiwa mfupi kupita kiasi, kabari zinafika mwisho wa safari na taya bado hazijabanwa. Hapo kuna kizuizi cha pampu: taya isiposukumwa na mstari uliojaa, kizuizi kinaizuia pistoni isishuke. Mashine inamaliza mzunguko bila kutoa kitu, nawe unapanga upya. Kizuizi hicho kikiwa kimelegea au kimewekwa vibaya, risasi inapita katikati ya kalibu na kuruka nje. Usikae mbele ya mashine ambayo kizuizi chake hukukijaribu. Namna ya kukijaribu: zima pampu kwa kuondoa pini ya pistoni, tuma mstari mfupi makusudi, tazama kama wenzo wa kizuizi unabaki chini ya mkono wa pistoni. Kinyume chake, mstari ukiwa mrefu kupita kiasi kipandishi hakishuki mpaka chini, na kidhibiti cha jiliwa kinaisimamisha mashine. Usilazimishe kwa kukigonga. Toa neno au kata silabi.

Nije kwenye uchafu, na hapa nitakaa kidogo, maana ndiko kabari zinakofia na kuua wenzake. Sehemu ya ala inayotazamana na tundu la kusubia, pale risasi inapomiminwa, inaguswa na risasi ya moto kila mstari. Polepole chembe za risasi zinang'ang'ania pale pembeni. Chembe moja ndogo inatosha. Kabari inapokazwa, ile chembe inabonyeza ukuta wa kalibu jirani, na ukuta huo ni mwembamba mno. Unabonyea. Kuanzia hapo, kila kalibu hiyo ikikaa karibu na nyingine kuna kijitundu, risasi inaingia, na kwenye karatasi unaona mistari kama nywele kati ya herufi. Huwezi kuunyoosha ukuta huo. Utatupa kalibu. Kwa hiyo gharama ya kabari chafu hailipwi na kabari, inalipwa na seti ya herufi.

Usafishaji wa kweli ni huu. Kila baada ya zamu ya saa nane toa kabari zote. Chukua ubao laini wa msonobari, nyunyiza unga wa grafiti kavu, laza kabari bapa, isugue kwa mwendo mrefu, upande huu na upande ule. Kisha telezesha ala juu na chini mara kadhaa ili grafiti iingie ndani ya mfuo. Futa unga uliozidi kwa kitambaa kikavu, kwa sababu grafiti ikimwagika kwenye kalibu na ghala nako italeta mkwamo. Risasi iliyoganda iondoe kwa ukingo wa mti mgumu au shaba. Msasa, tupa na kisu ni marufuku: ukipunguza hata kidogo uso wa ala, kuta haziko sambamba tena, na umerudi kwenye kabari moja ya mwaka 1886. Mafuta pia ni marufuku. Yanakusanya vumbi, yanaungua kwenye joto la chungu, na utando wake unashika risasi zaidi.

Kabari mbili zikishuka kwa mpigo mmoja, au isishuke hata moja, usiilaumu kabari kwanza. Angalia ndoana ndogo mbili ndani ya sanduku: ncha zake hulika zikawa mviringo, na springi zake huchoka. Grafiti iliyogandamana na vumbi nayo huifanya ndoana ichelewe. Safisha sanduku, kagua ncha, ndipo upime kabari.

Washindani je? Typograph ya Rogers ilitumia visahani vya mviringo ambavyo unene wake unaongezeka kadiri unavyovizungusha. Vilisawazisha vizuri, na mashine ilikuwa rahisi, lakini mwendo wake ulikuwa mdogo. Mashine ya Paige, ile iliyommaliza mfukoni mwandishi Mark Twain, ilitaka kuiga mkono wa binadamu kwa vipande 18,000 hivi. Ilijaribiwa Chicago mwaka 1894 na haikufika sokoni.

Mshindani wa kweli ni Monotype ya Tolbert Lanston, inayosubu herufi moja moja, nayo haisukumi kitu ndani ya mstari. Inapiga hesabu. Upana wa herufi unahesabiwa kwa vipimo 18 kwa kila emu, yaani kipimo cha upana wa chapa. Kengele ikilia mwisho wa mstari, mpanga chapa anasoma namba mbili kwenye ngoma inayozunguka yenye namba na kuzibonyeza, zinatobolewa kwenye utepe wa karatasi. Mashine ya kusubu inausoma utepe kinyumenyume, kwa hiyo inakutana na namba hizo kabla ya herufi na inajua mapema nafasi ziwe na upana gani. Ndani kuna kabari mbili zenye hatua 15 kila moja: moja inaongeza inchi 0.0005 kwa hatua, nyingine inchi 0.0075. Hali ya kawaida ni 3 kwa kabari kubwa na 8 kwa ndogo. Mstari ukipungua inchi 0.060 na una nafasi nane, kila nafasi inadai 0.0075, yaani hatua moja ya kabari kubwa: unabonyeza 4 na 8. Kosea kusoma ngoma, mstari mzima unatoka mfupi au mrefu.

Kwa vitabu vyenye majedwali na hesabu ningechagua Monotype, maana herufi moja iliyokosewa unaibadilisha kwa mkono. Kwa gazeti la kila siku nachagua kabari pacha bila kusita: haihitaji mtu asome namba, mstari unajipima wenyewe dhidi ya taya.

Ukienda kununua seti iliyotumika, fanya hivi. Shika kabari ndefu wima, nene chini: ala iteleze kwa uzito wake bila kukwaruza. Ilaze juu ya kioo, tazama kama mwanga unapita chini yake, ukipita, imepinda. Kagua ncha ya chini inayogongwa na upau, isiwe imefumuka. Pima unene wa kila moja kwa maikromita ala ikiwa mahali pale pale, maana kabari nyembamba na nene zilitengenezwa zote na wauzaji huzichanganya. Kisha omba isubiwe mistari kumi yenye maneno mafupi mengi, ichapwe kwenye karatasi laini, na uiangalie kwa lenzi pale herufi zinapopakana na nafasi. Ukiona nywele, kagua kalibu kabla hujakubali bei ya kabari.