Honda CG125 ya zamani: inapiga ngapi kweli, na utamu wake uko wapi

Bantu ba Lubumbashi bakiona hii moto (pikipiki) swali ni ileile: inapiga ngapi? Habaulizi kama asubuhi ya baridi inawaka, habaulizi inakula esansi ngapi, ni paka inapiga ngapi. Basi nijibu mbele halafu tuzungumuze bintu bingine. Ku barabara ya Likasi, pale lami iko muzuri na upepo umelala, mimi peke yangu bila muzigo, kontere, ile saa ya mbio, inapita 100 kidogo lakini GPS ya telefone inasema 93, 94. Ni ile njo mwisho wake. Kontere za moto za zamani zinapenda kusifu mwenye moto, usizisikilize sana.

Kuko benye banasema yabo inapiga 120. Kuteremuka mulima labda, na kamyo mbele inakukatia upepo. Mota ni ya cc 124 tu, nguvu ya farasi 11 hivi ikiwa mupya, na upepo hauna huruma: kutoka 80 mpaka 100 nguvu inayohitajika kuusukuma inaongezeka karibu mara mbili. Karibu mara mbili, kwa zile kilometa 20 tu! Njo maana moto inafika 80 bila maneno, 90 kwa kuomba, halafu inabakia pale unakunja mukono wa gaze mpaka mwisho na hakuna kitu kinaongezeka. Ukilala juu ya rezervuari (tanki ya esansi) unapata kilometa mbili tatu na bantu ba pembeni ya barabara banakucheka.

Tena sisi tuko juu, Lubumbashi iko karibu metre 1.200 juu ya bahari na hewa ni nyepesi kama asilimia 10 hivi, kwa hiyo mota ya kabureta inapoteza sehemu kama ile ya nguvu yake. Lakini hewa nyepesi inapunguza pia upinzani mbele yako, kwa hiyo ile mbio ya mwisho haianguke sana vile bantu banafikiri. Mahali unasikia upungufu ni ku mulima, na zaidi ukibeba muntu nyuma. Hapo unarudi ya nne, unarudi ya tatu, na kamyo iko inakuona.

Na hapa sikubaliane na bale banasema "moto ya zamani si ya mbio, vitesi haina maana". Ina maana bwana. Barabara ya Likasi ni kilometa 120 hivi, imejaa makamyo ya shaba na kobalti yanayotoka ku Kolwezi kwenda Kasumbalesa, na moto ambayo inakaa muzuri ku 75 mpaka 80 haina akiba. Kamyo ikikupita upepo wake unakusukuma pembeni, kisha unakuvuta, na moto yenyewe ina kilo 100 tu. Ukitaka kutoka haraka hakuna kitu cha kutokea. Kwa safari ile kila wiki mimi siishauri, chukua Boxer 150 ao kitu kikubwa zaidi, usijidanganye na mapenzi ya bintu bya zamani. Usiku ni mbaya zaidi, juu zile za kwanza ziko na volti 6 na fari (taa ya mbele) yake inaangazia paka pua ya moto.

Sasa toka ku barabara ya Likasi, njoo ku barabara ya Kipushi asubuhi mapema, ao ile ya Kasapa, kule ku iniversite, mbele banafunzi bahaamuke. Kipushi ni kilometa 30 hivi, si mbali, na ni pale njo hii moto inaanza kusema. Kati ya 45 na 75 unatumia kila kitu iko nayo: ya tatu unaivuta mpaka mota inalia, ya nne, ya tano, dodani (tuta ya barabara) inakuja unarudi mpaka ya pili, unaanza tena. Mu moto mukubwa ukifanya vile uko mu gereza ao mu hospitali. Mu hii unafanya vile na polisi wa barabara anakupungia mukono juu anaona muzee anaenda sokoni polepole. Nilipanda moto ya muntu mumoja ya 650, muzuri, nguvu mingi, na muda wote nilikuwa naishika isikimbie. Furaha ya kushika kitu kisikimbie mimi siielewe.

Freni ni tamburi (za ngoma) mbele na nyuma. Kwa 60 zinatosha, kwa 90 anza kufikiria mapema. Kiti ni cha muntu wa kazi, kirefu na kigumu kidogo, lakini unaweza kukaa saa nzima. Sheni imefungwa yote ndani ya boksi yake, na kwa vumbi yetu nyekundu ile ni akili kubwa, sijui kwa nini moto za leo zinaiacha nje inakula muchanga.

Akili ingine iko ndani ya mota. Honda ilikuwa na CB125 mbele, ile kamu yake, kyuma kinachofungua valvu, inakaa juu na inazungushwa na sheni, na mu nchi ambapo moto inabebeshwa mizigo na mafuta yanabadilishwa siku Mungu anapenda, mota za vile zilikuwa zinachoka upesi. Kwa hiyo mu 1976 bakaleta CG: kamu imeshushwa chini, fimbo mbili zinasukuma valvu, hakuna sheni ya kurefuka, hakuna filtre ya karatasi, mafuta yanasafishwa na kachujio ya waya na kikombe kinachozunguka kinatupa uchafu pembeni. Bakaitengeneza hata ku Brazil, mu Manaus, mwaka uleule. Ku Pakistan banaitengeneza mpaka leo, karibu na sura ileile. Ile fimbo njo inafanya mota isipende kuzunguka sana, kwa hiyo 94 yetu ile si ugonjwa, balipanga vile: bachukue uzima, baache mbio.

Na utamu kwa mufuko ni huu: Bachina baliiga mota ile wakachoka kuiga, kwa hiyo nusu ya moto za bamanseba (benye taxi-moto) mu komini za Katuba na Ruashi ziko na mutoto wa CG ndani. Ukienda ku soko ya Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, unapata pistoni, segma, disiki za embreyaje, bipande mingi binaingia bila kukata kitu. Kitu unakosa ni bya nje, rezervuari ya kwanza, bifuniko bya pembeni, kontere. Ile utalia.

Jambo ya pinyo (gurudumu ya meno inayovuta sheni), juu vijana banapenda kuigusa. Ukiongeza jino moja ku pinyo ya mbele unarefusha vitesi zote (gia) kwa asilimia 7 hivi, na kila mekanisye wa kando ya barabara atakuambia moto itapiga zaidi. Jirani yangu alifanya vile ku yake. Mota inazunguka polepole ku 70, inanyamaza, inapendeza, lakini mbio ya mwisho ilishuka! Mu ya tano mota haina tena nguvu ya kusukuma upepo, anapata zaidi mu ya nne. Kama unazunguka peke yako mu tambarare, fanya. Kama unabeba bibi na gunia ya makala, acha vile ilitoka ku kiwanda.

Nipe nyota ngapi? Kwa Likasi mbili. Kwa Kipushi, Kasapa na mujini, tano, na ningetoa ya sita.

Kwa yule anatafuta ya kununua: angalia namba ya kadri (fremu) na ya mota zilingane na makaratasi, juu kuko copy za Kichina zimebandikwa jina ku rezervuari na bei inapanda mara mbili. Guse mota kabla haijawashwa, ikiwa ya moto muuzaji alishaiwasha akufichee kitu. Kisha omba uiendeshe mpaka ya tano, mbele ya dodani na nyuma ya dodani, na akikuambia zunguka tu hapa hapa mu parseli (kiwanja ya nyumba), mwachie moto yake.