Uzoefu wangu: nilivyopeleka malalamiko OCR baada ya kliniki kumfanya mwanangu mkalimani wa bibi yake

Naandika hii kwa sababu kina mama wengi hapa Lexington, Kentucky wananiuliza ile ofisi inafanyaje kazi, na kumjibu mmoja mmoja kwa voisi siwezi tena, kazi ni nyingi. Ofisi yenyewe ni Office for Civil Rights, watu wanasema OCR, iko chini ya wizara ya afya ya Marekani, ndo inasimamia haki za kiraia kwenye matibabu na pia siri za mgonjwa, ile sheria ya HIPAA. Nimeitumia kwa ajili ya mama yangu. Mama ameniruhusu niandike, alichokataa ni jina lake tu.

Mama ana miaka 61, tumetoka wote kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, Kiingereza chake ni cha salamu basi. Mwaka jana alikuwa na apointimenti ya mambo ya kike kwenye kliniki moja, jina naliacha, mimi nilikuwa shifti ya asubuhi weahausi na ruhusa sikupata, kwa hiyo akaenda na mwanangu wa miaka 13 maana shule zilikuwa zimefungwa. Mtoto alikuwa amsindikize tu, amwonyeshe basi la kupanda na mahali pa kushuka. Wamefika kule nesi akauliza nani hapa anaongea Swahili na Kiingereza, dogo akanyoosha mkono kama yuko darasani, basi akaingizwa ndani na bibi yake.

Sasa Kiswahili cha mwanangu ni cha kuomba chakula na kugombania simu. Kizazi hajui ni nini, uvimbe hajui. Daktari akauliza kama mama anatokwa na damu, maana siku zake zilishakoma miaka mingi. Mtoto akabaki anaangalia viatu vyake, alafu akasema, "Bibi, anauliza kama una damu... huko." Mama akamshika mkono akamwambia, "Mwambie hapana." Hapana jamani! Na damu ilikuwa imemtoka karibu miezi minne, anafua nguo usiku ili nisione. Bibi gani atakaa mbele ya mjukuu wake wa kiume aanze kueleza hayo?

Walivyoona maelezo hayaendi wakamwita dada mmoja wa mapokezi, mtu wa kwetu kabisa, sio mkalimani, kazi yake ni kupokea simu na kupanga apointimenti. Huyo ndo akamweleza mama kwamba ultrasaundi inaonyesha uvimbe kwenye kizazi na inabidi arudi apimwe zaidi. Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumapili baada ya ibada mama mmoja akamfuata mlangoni kwa kanisa, akamshika mabega, "Pole mama, tunakuombea na hilo tumbo." Mama hakuwa amemwambia mtu, hata mimi nilikuwa sijui. Alirudi nyumbani akavua kitenge akalala mchana kutwa, jioni ndo akanieleza yote, na kanisani hakukanyaga wiki tatu.

Nikapiga simu kliniki nikaambiwa familia kutafsiri ni jambo la kawaida. Sio kweli. Mwenzangu kazini, mtu wa Uvira, ndo akanifungua macho. Kuna Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inakataza kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake kwenye huduma yoyote inayopokea pesa za serikali kuu, na kumnyima mtu huduma kwa sababu ya lugha kunaingia humo. Alafu kuna sheria ya afya ya 2010, ile wanaita Obamacare, kifungu cha 1557, hiyo inasema mgonjwa apewe mkalimani mwenye ujuzi, bure. Na kanuni zake mpya za 2024 zimesema wazi kwamba mtoto chini ya miaka 18 asitumike kutafsiri, labda iwe dharura ya kweli na mkalimani hajapatikana bado, tena kwa muda tu wakati anatafutwa. Mama hakuwa na dharura yoyote, apointimenti ilipangwa wiki nyingi kabla na kwenye fomu tuliandika lugha ni Swahili.

Kabla sijatuma kitu nikafanya jambo moja ambalo nashauri kila mtu afanye: niliomba rekodi za mama. Mama alisaini karatasi ya kunipa ruhusa nikapeleka. Ni haki yako chini ya HIPAA, wana siku 30 kukupa, wanaweza kujiongezea 30 nyingine mara moja tu na lazima wakuandikie kwa nini. Msiogope kuomba, mwaka 2019 hospitali moja ya St. Petersburg kule Florida ilikubali kulipa dola 85,000 kwa sababu ilimchelewesha mama mmoja kupata rekodi za mtoto wake aliyekuwa bado tumboni, na kesi hiyo ni OCR waliishughulikia. Za mama zilikuja, nikafungua ukurasa wa pili nikakuta imeandikwa mgonjwa amekana kutokwa na damu, na chini yake, tafsiri kwa msaada wa mjukuu. Nilisoma hapo mara nyingi sana. Yaani daktari alikuwa anapanga matibabu juu ya jibu ambalo mama alilitoa kwa aibu.

Malalamiko yenyewe nilituma usiku kwenye intaneti, wana ukurasa wao wa kujazia. Unaweza kumjazia mtu mwingine, pale wanauliza kama ni wewe au unamwakilisha mtu. Wanauliza pia kama shida ni ya haki za kiraia au ya siri za mgonjwa, yangu ilikuwa na vyote viwili nikaeleza vyote, mtoto kutafsiri na habari za mama kuvuja hadi kanisani. Kiingereza cha fomu ni cha kiofisi, kama hukiwezi piga 1-800-368-1019 useme Swahili, msaada wa lugha ni bure. La muhimu zaidi ni siku: una siku 180 tangu ulipojua jambo limetokea, wanaweza kukuongezea ukiwa na sababu nzuri lakini usitegemee hiyo. Mimi nilikuwa kama siku ya 140, nilitetemeka nilivyohesabu.

Kuna sehemu wanaomba kibali cha kutaja jina lako kwa kliniki. Hapo mama alisita siku mbili, aliogopa watamfukuza au watamfutia apointimenti. Nikamsomea kwamba sheria inakataza kliniki kumlipizia kisasi mtu aliyelalamika, ndo akasema weka sahihi.

Ilikuja barua yenye namba ya kesi, baadaye mpelelezi akapiga simu, nikasema mama anataka kuongea mwenyewe na Swahili, akamweka mkalimani kwenye laini. Ilichukua miezi. Mwisho barua ikasema wameipa kliniki maelekezo, wafanyakazi wafundishwe upya kuhusu siri na wakalimani, kesi imefungwa. Pesa hatukupata hata senti, na mjue hivyo mapema, OCR hawakulipi fidia wewe, na HIPAA yenyewe haikupi njia ya kwenda kushtaki mahakamani. Mtu anayetafuta hela aongee na mwanasheria kuhusu sheria za jimbo lake. Pia HIPAA inaishika kliniki na watu wake, bima ya afya na kampuni zinazowafanyia kazi, yule mama wa kanisa haimgusi kabisa, yeye alisikia tu. Nimemsamehe. Yule dada wa mapokezi bado najitahidi.

Mimi kwangu imenisaidia sana na nitaitumia tena ikibidi. Kwa sababu apointimenti iliyofuata, kliniki ile ile, walileta skrini iko juu ya stendi yenye magurudumu, kwenye skrini akatokea mama mtu mzima ana lafudhi ya Bukavu, akasalimia vizuri, "Shikamoo mama, mimi ni mkalimani, kila neno litakalosemwa humu nitalitafsiri na ni siri." Mama akajiweka sawa kwenye kiti. Akauliza, "Kila neno?" Akajibiwa ndiyo. Mama akasema, "Basi kwanza mwambie daktari huyu binti yangu akae nje."

Nikatoka nikakaa koridoni. Waliongea dakika 40. Majibu ya vipimo alipata, ni yake, sitayaandika hapa.