Tokyo Ghoul:re: Wahusika Waliokosa Muda wa Kuishi

Katika kipindi cha mwisho cha msimu wa kwanza wa Tokyo Ghoul, anime (katuni ya Kijapani) kuhusu mazimwi wenye sura ya binadamu wanaokula watu, msimu uliotengenezwa na studio ya Pierrot na kurushwa mwaka 2014, Ken Kaneki amefungwa kwenye kiti, na mtesaji wake, Yamori, anamlazimisha ahesabu kurudi nyuma kuanzia 1000 kwa kupunguza 7 kila mara. Sehemu kubwa ya kipindi inatumika humo: kijana anazungumza akilini mwake na Rize, zimwi ambaye viungo vyake vilipandikizwa mwilini mwake, kumbukumbu za mama yake zinamrudia, maua meupe yanayowazunguka yanageuka mekundu, na anapojikomboa hatimaye, mtazamaji anajua barabara ni kitu gani kimevunjika ndani yake. Studio hiyohiyo ndiyo iliyotuletea mwendelezo wake, Tokyo Ghoul:re, mwaka 2018, na huo ndio msingi wa masikitiko yangu, kwa kuwa hadithi hii ilikwisha kuonyesha jinsi inavyopendeza inapopewa utulivu.

Manga (vibonzo vya Kijapani) ya Sui Ishida inayobeba jina la :re ina sura 179 katika juzuu 16. Anime ilipewa vipindi 24 tu, tena mgawanyo wake haukuwa na uwiano: nusu ya kwanza ilichukua takribani sura 58, kisha vipindi 12 vya mwisho vikabebeshwa zote zilizosalia, yaani wastani wa sura kama 10 katika kila kipindi kisichofika nusu saa. Kwa mwendo huo lazima kitu kitupwe, na kwa kuwa mapigano ndiyo yanayovuta watazamaji, yaliyotupwa ni mazungumzo, mashaka ya moyoni na zile saa za kawaida ambazo wahusika hukaa mezani pamoja bila kumwaga damu.

Walioathirika zaidi ni kikosi cha Quinx, vijana wa CCG, taasisi inayopambana na mazimwi, waliopandikizwa viungo vya mazimwi ili wawawinde mazimwi wenyewe, wakiongozwa na Haise Sasaki, ambaye ni Kaneki aliyepoteza kumbukumbu. Mtazame Ginshi Shirazu. Alikubali upasuaji huo kwa sababu ya fedha za matibabu ya dada yake mgonjwa, na baada ya kumuua zimwi aitwaye Nutcracker alibaki akiogopa hata kuishika silaha iliyotengenezwa kutokana na mwili wa zimwi huyo. Katika manga hofu hiyo inamwandama sura baada ya sura, hivyo anapofikia kuitumia silaha hiyo tunaelewa ameshinda nini. Anime inaligusa jambo hilo na kulipita. Shirazu anapokufa baada ya kupambana na zimwi Noro, naye Kuki Urie, mwenzake mwenye kiburi na wivu, anapomkumbatia akilia kwa sauti, tukio limechorwa vizuri na waigizaji wa sauti wamejitoa kwa moyo wote, lakini machozi ya Urie yanatushtukiza, kwani hatukupata kuuona urafiki ukikua taratibu kati yao. Nililipenda tukio hilo kwenye karatasi, na nimeumia kuliona likipita namna hii.

Kuna kosa jingine lililotangulia. Msimu wa pili, √A, wa mwaka 2015, uliiacha njia ya manga na kumpeleka Kaneki kwenye kundi la mazimwi liitwalo Aogiri, ilhali katika manga aliunda kundi lake mwenyewe, akaishi na Hinami, msichana zimwi, na zimwi mwingine, Tsukiyama, akawa miongoni mwa walioandamana naye. Kisha :re ikarudi kwenye manga kana kwamba miezi hiyo tuliiona sote. Kwa hiyo tunakutana na Tsukiyama akiwa kitandani, amedhoofika kwa majonzi ya kumpoteza Kaneki, na mtazamaji wa anime peke yake ana haki ya kuuliza majonzi hayo yametoka wapi. Vivyo hivyo kwa Hinami, ambaye sasa yumo Aogiri, na anayejitokeza kwenye mnada wa mazimwi kumwokoa Haise asiyemkumbuka.

Nusu ya pili ni mbio tupu. Kishou Arima, mpiganaji wa CCG aliyemlea Haise karibu kama mwana, anapambana naye, anafichua siri ya maisha yake na kufa kabla hatujapata nafasi ya kuhisi kwamba baba ameondoka. Tooru Mutsuki wa Quinx anabadilika kutoka kijana mpole hadi mtu hatari kwa kasi inayomfanya aonekane kama mtu mwingine kabisa. Furuta, adui mkuu, anapanda na kuanguka bila sababu zake kueleweka sawasawa.

Muziki wa Yutaka Yamada unastahili sifa, na sauti ya Natsuki Hanae inambeba Kaneki hata pale mwandiko wa tamthilia unapomwangusha. Hata hivyo siwezi kuipa :re zaidi ya alama 4 kati ya 10. Aliyeupenda msimu wa kwanza namshauri aifuate manga tangu juzuu la kwanza kabisa, juzuu 14 za awali kisha zile 16, wala asirukie mahali anime ilipoishia, kwa maana hata ule msimu mzuri wa 2014 uliruka mengi ambayo :re inayategemea.