Duka la samaki wakavu Majengo: muulize taa wake katoka wapi

Nanunua samaki wakavu Dodoma mwaka wa sita sasa, na kwenye meza nyingi jibu ni moja: "Papa huyo." Kiwe kipande cha nyenga, papa. Kiwe cha pungu, papa vilevile, ingawa wote wawili ni taa, wale samaki bapa wenye mabawa. Kwenye duka dogo la Bi mkubwa mmoja wa Tanga, Soko la Majengo, niliambiwa jina la samaki na pwani aliyovuliwa kabla sijauliza bei.

Kwangu hilo lina uzito. Mimi ni mtoto wa Kongwa, lakini nimewahi kushinda msimu mzima baharini tukiwawekea taa alama. Taa hatolewi majini, anashikwa ubavuni mwa mashua, mwiba wa mkia umezungushiwa kitambaa kizito. Tunapima upana, ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, maana mikia mingi imekatika na urefu unadanganya. Tunakata ukingo wa pezi, kiasi cha ukucha wa kidole kidogo, unaingia kwenye kichupa cha spiriti kwa ajili ya kupima vinasaba (DNA) vinavyotambulisha aina yake. Mwisho kijiti cha plastiki chenye namba kinachomekwa kwenye nyama ya bawa, anaachiwa. Kazi yote hiyo inapotea kama atakayekiokota kijiti hajui akipeleke wapi, na taa wa pwani wanafika mpaka huku kwenye magunia.

Safari ya pili nilimwomba Bi mkubwa ruhusa ya kuchukua vipande vya vinasaba, kwani chumvi na jua haviviharibu vyote. Akanipa ubao, akanitazama nikisafisha kisu kila baada ya kipande.

"Mbona wachimba ndani, mwanangu?"

Nikamweleza kwamba guniani samaki wamesuguana, ukikwangua juu utapata vinasaba vya jirani yake. Akainama chini ya meza, akatoa kopo la maziwa ya unga. Humo, katikati ya vifungo vya shati na funguo, kulikuwa na kijiti cha njano, namba bado zinasomeka. Alikikuta kwenye bawa la taa mkavu, akakitunza karibu mwaka mzima. "Kitu chenye namba kina mwenyewe," alisema. Machozi yalinilenga. Tulipiga simu iliyoandikwa ubavuni mwa kijiti palepale, na ni yeye aliyewatajia mwezi na kijiji gunia lilikotoka.

Kasoro zipo. Samaki hawana vibao vya majina, na ukimkuta kijana wake peke yake unarudi kwenye "papa huyo". Pia niliwahi kuona mezani mapezi ya wale wenye umbo la nusu papa nusu taa. Mwaka 2019 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ilipotathmini makundi mawili ya samaki wa umbo hilo, spishi 15 kati ya 16 zilionekana ziko hatarini kabisa kutoweka. Nilipomwambia, aliuliza atawatambuaje wakishakatwa na kukaushwa. Kwa macho ni vigumu hata kwangu. Ndiyo kazi ya vile vichupa.

Mimi taa siku hizi sili. Nachukua ng'onda wa changu, mnene, chumvi yake inatoka kwa kulowekwa usiku mmoja, na kwenye nazi hasambaratiki. Nampa nyota nne kati ya tano. Nenda kabla ya saa nne asubuhi, ndipo mwenyewe yupo.