Dawa za Kukinga Chasisi na Kutu: Tanguliza Inayofika Ndani ya Boksi

Miaka mitatu baada ya kuipaka chasisi ya Land Rover Series III yangu dawa nyeusi ya mpira, ambayo kopo lake liliahidi kinga ya kudumu, nililala chini ya gari nikiwa na nyundo ndogo na kuanza kuigonga boriti ya nyuma kuanzia kushoto kwenda kulia. Sehemu kubwa ililia kama kengele, lakini nilipokaribia pembe ya kulia mlio ulififia ghafla, ukawa kama wa kugonga katoni. Nilipoweka ncha ya bisibisi hapo ilizama bila kusukumwa, na kupitia tundu hilo vikamwagika vipande vyembamba vya kutu, kisha kiganja kizima cha mchanga, mchanga uleule uliotumika kuparuza chasisi kabla ya rangi. Ile dawa nyeusi haikuwa na kasoro yoyote kwa nje. Ilisimama peke yake kuzunguka tundu, kama gome la mti ambao mchwa wamekwisha kuumaliza ndani.

Kwa hiyo mwongozo huu hauzungumzii rangi ipi inang'aa zaidi wala ipi inakauka kwa saa chache, kwa sababu mambo hayo yameandikwa kwenye kila kopo. Chasisi ya gari hili imeundwa kwa mabamba ya chuma yenye unene wa takriban milimita 2, yaliyochomelewa kingo kwa kingo mpaka yakawa boksi refu lenye uwazi ndani. Hewa huingia humo, usiku chuma kinapoa, unyevu ulio katika hewa hiyo unageuka matone, na matone yanateremka hadi sakafu ya boksi ambako tope na mchanga huyashika kama sifongo. Kutu ya namna hiyo huanzia ndani ikatokea nje, na siku unapoiona juu ya rangi, bamba limekwisha kuliwa. Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, humponza mnunuzi zaidi kwa sababu sehemu kubwa ya bodi yake ni ya aloi ya alumini. Mtu hukagua milango na paa, akaona hakuna kutu, akadhani gari zima ni salama. Maswali yangu kwa kila dawa ni matatu: itafikaje ndani ya boksi, itakaa huko bila kupasuka, na je, maji yataendelea kuwa na njia ya kutoka?

Nafasi ya kwanza naipa Dynax S-50 ya Bilt Hamber, na sifichi kwamba naipendelea. Ni nta ya kupuliza inayouzwa katika makopo ya mililita 750, na inaendana na mrija mrefu mwembamba ambao pua yake hutawanya nta pande zote kwa pamoja. Unaupitisha mrija kwenye tundu la chasisi mpaka ugote mwisho, unabonyeza kopo, kisha unauvuta nje polepole ili kila sehemu ya ndani ipate haki yake: dari, kuta na sakafu. Kopo likitangulia kuwekwa kwenye maji ya uvuguvugu, nta hutiririka vizuri zaidi na kujipenyeza kwenye maungio ya mabamba, mahali ambapo brashi haifiki kamwe. Utajua imefika pale matone ya rangi ya asali yanapojitokeza kwenye tundu la chini na kwenye mishono ambayo hukuipulizia moja kwa moja. Nta hii haikauki ikawa ngumu kama rangi; hubaki na ulaini wa kutosha kufuata chuma kinapojikunja na kutikisika barabarani, na ndiyo maana haipasuki. Iwapo una kompresa na bunduki ya kupulizia yenye mrija wake, Dinitrol 3125 hufanya kazi ya aina hiyohiyo na ningeichukua bila kusita pale Dynax inapokosekana. Zote mbili zingoje mpaka kazi ya kuchomelea imalizike kabisa, kwa sababu nta huwaka moto ukipita karibu, na rangi haishiki mahali ilipogusa.

Kuchovya chasisi kwenye zinki iliyoyeyuka, katika joto la takriban nyuzi 450 za Selsiasi, kungechukua nafasi ya kwanza kama kila mtu angekuwa ameivua gari lake mpaka ikabaki chasisi tupu. Zinki huingia kila mahali ambapo kimiminika kinaweza kupita, ndani na nje kwa pamoja, na inapokwaruzwa hujitoa mhanga ikaliwa yenyewe kabla ya chuma. Kwa bamba lenye unene wa kati ya milimita 1.5 na 3, kiwango cha kimataifa cha kuchovya chuma kwenye zinki, ISO 1461, kinataka utando wenye wastani usiopungua mikroni 55 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na ni haki yako kudai upimwe mbele yako. Hata hivyo lami ya zamani yote lazima iondolewe, matundu ya kupitishia hewa na zinki yawepo katika kila chumba cha boksi kwa sababu unyevu uliofungiwa humo unaweza kulipuka, na mabamba membamba yanaweza kupinda. Pima mistari ya mshazari ya chasisi kabla ya kuipeleka na baada ya kuirudisha, kisha ulinganishe.

Kwa nje ya chasisi, praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kushika chuma, ya kuchanganya sehemu mbili (rangi na kigumisho chake), ndiyo ninayoitumia. Chuma kikishaparuzwa kwa mchanga kipakwe ndani ya saa chache, na kiwe na joto linalozidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone, kwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi, la sivyo utakuwa unafungia unyevu chini ya rangi. Epoksi haipendi jua, kwa hiyo inahitaji rangi nyingine juu yake.

POR-15, rangi ya kupaka juu ya kutu, naiweka nyuma ya epoksi. Ni ngumu kweli, na hukomaa kwa kunyonya unyevu wa hewa, lakini inataka uso wenye mikwaruzo. Juu ya chuma laini kinachong'aa hubanduka kama karatasi, na kutu huendelea kutembea chini yake bila wewe kuiona. Jua nalo huiharibu isipofunikwa. Fluid Film, yenye lanolini itokanayo na mafuta ya sufu ya kondoo, hupenya vizuri na inafaa kwa gari ambalo halijavuliwa, ila hurudiwa kila mwaka na inaweza kuvimbisha bushi za mpira wa asili. Dawa nyeusi za lami na za mpira, zilizo za bei nafuu kuliko zote, sizipi nafasi yoyote: hukakamaa, hupata nyufa, maji huingia kwenye ufa na hayatoki tena.

Kinachoniudhi zaidi ni namna vitu hivi vinavyouzwa. Muuzaji aliyenipa lile kopo jeusi nilimwuliza waziwazi kuhusu ndani ya boksi, akanijibu kwamba nje ikifungwa vizuri ndani hakuhitaji chochote. Wengine huuza kopo la nta halafu wakautenga mrija na kuutoza bei yake, ilhali nta isiyo na mrija haina maana kwa chasisi. Wapo wanaobandika neno nta kwenye lami, na wanaokuuzia epoksi ambayo kigumisho chake kimepitwa na muda. Kabla ya kulipa, dai karatasi ya maelezo ya kiufundi, linganisha bei kwa lita badala ya kwa kopo, na ufungue kifungashio uone kama mrija umo na kama pua yake ina vitundu pembeni. Pua yenye tundu moja tu mbele itapaka ukuta wa mwisho na kuacha kuta nyingine zote kavu.

Mchanga nao ushughulikiwe kabla ya dawa yoyote. Chasisi ikishaparuzwa, igeuzwe juu chini, igongwe kwa nyundo ya mpira urefu wake wote huku hewa ya kompresa ikipulizwa kutoka upande mmoja, na kazi hiyo irudiwe mpaka kitambaa cheupe kilichotandikwa chini kisipate hata punje. Baada ya nta kupulizwa, iache itone usiku kucha, kisha asubuhi pitisha waya katika kila tundu la kutolea maji, kwa sababu nta hiyohiyo inayookoa bamba ikiganda kwenye tundu hilo itaigeuza chasisi kuwa ndoo.