Siku tano Bagamoyo: mafunzo ya maigizo na uchoraji kwa sisi wa ustawi wa jamii

Nina miaka 11 kwenye kazi ya ustawi wa jamii. Semina nimeshakaa nyingi, na nyingine sikumbuki hata ukumbi ulikuwa wapi. Hii ya Bagamoyo naikumbuka mpaka sakafu yake, kwa sababu asubuhi ya kwanza viti vilitolewa nje na sisi tukaambiwa tuvue viatu.

Tulikuwa washiriki 22: maafisa ustawi wa halmashauri, askari wawili wa Dawati la Jinsia na Watoto, walimu wa malezi, na wanachuo wanne wa ustawi wa jamii waliobakiza muhula mmoja. Ada ni shilingi 280,000 kwa siku tano, chai na chakula cha mchana humo humo, malazi unajitegemea. Posho hakuna. Nililipa kwa mshahara wangu, ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu, mwenzangu anayefikiria kwenda ajue anaendea nini.

Zoezi lililonitikisa lilikuja siku ile ile ya kwanza, mchana. Wanaliita sanamu. Asili yake ni Augusto Boal, Mbrazili aliyekamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi mwaka 1971, akaenda uhamishoni, na huko akaendeleza maigizo ambayo mtazamaji anaruhusiwa kuingia mchezoni na kubadili mambo. Kwenye sanamu hakuna kusema. Unawapanga wenzako kwa mikono, huyu unamwinamisha shingo, yule unamnyoosha kidole, mpaka unachotaka kuonyesha kionekane.

Nikaambiwa nipange kikao cha familia kama ninavyokiendesha ofisini. Nikamsimamisha baba mkubwa, kidole mbele. Mama nikamkalisha, macho chini, mikono mapajani. Mtoto nikamweka mlangoni, bega kwenye fremu. Mtoto mwenyewe alikuwa kaka mmoja kutoka Kigoma, mtu mzima mwenye ndevu, lakini aligeuza vidole vya miguu kwa ndani na akawa mtoto kweli. Mwezeshaji akaniambia, "Dada, badilisha kitu kimoja tu, mtoto ajisikie salama."

Sikusita. Nikamshika mkono nikamleta katikati, nikamkalisha, wakubwa wakiwa wamemzunguka. Ndivyo ninavyofanya miaka yote. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake, na mimi nilidhani kumweka katikati ndiko kumpa nafasi hiyo. Mwezeshaji akamgusa yule kaka begani, akamwuliza anajisikiaje. Akajibu taratibu, "Kule mlangoni nilikuwa naweza kukimbia. Hapa mmenizingira."

Niliwakumbuka watoto niliowakalisha pale, kwenye kiti changu cha plastiki cha bluu, mbele ya meza, mgongo wameupa mlango. Wale niliowaandika kwenye faili kwamba "mtoto hakutoa ushirikiano". Usiku ule sikulala vizuri.

Kitu kingine nilichokipenda ni kanga. Kila mtu aliambiwa aje na yake, wanaume pia, na ndiyo yalikuwa maleba yetu kwa siku zote tano. Ukijifunga unaingia kwenye mhusika. Ukimaliza unaivua, unaikung'uta mara tatu, unataja jina lako halisi na unakokaa: mimi si mama wa kambo, mimi ni fulani, nakaa Chalinze. Mwanzoni niliona ni mambo ya kitoto. Siku ya tatu askari mmoja aliyeigiza baba mlevi hakukung'uta kanga yake, akaenda moja kwa moja kula, na pale mezani akamfokea dada anayepakua wali kwa sauti ile ile ya igizo. Alishtuka kuliko sisi wote. Alinyanyuka akaomba radhi, akarudi ukumbini kuikung'uta. Tangu hapo hakuna aliyesahau.

Uchoraji na udongo vilipewa siku nzima ya nne. Vifaa ni vya kawaida vya dukani, manila, penseli za rangi, gundi na magazeti ya zamani, pamoja na udongo wa mfinyanzi kwenye ndoo. Fundisho lenyewe ni moja na lilirudiwa mpaka likaingia: usitafsiri picha ya mtu. Mwalimu mmoja aliona mwenzetu kachora nyumba kwa rangi nyeusi tupu, akaanza kueleza kwamba huyu ana msiba moyoni. Mwenye picha akasema penseli nyeusi ndiyo pekee iliyokuwa imechongwa. Unachotakiwa kusema ni "niambie kuhusu picha yako", basi, kisha unakaa kimya. Na walitukanya vikali kwamba mchoro si ushahidi wa ukatili wala usiupeleke polisi kama ushahidi. Mchoro unafungua mazungumzo tu. Hilo ningetamani kila anayegusa mashauri ya watoto alisikie.

Sasa malalamiko yangu, na la kwanza ni zito.

Siku ya pili tulifanya kiti kitupu, zoezi la kuzungumza na mtu asiyekuwepo kana kwamba amekaa mbele yako. Mwezeshaji alikuwa ametoka kutufundisha kwamba Jacob Moreno, daktari aliyeanzisha tiba ya maigizo ya namna hii kule Vienna kabla hajahamia Marekani, aliigawa kazi katika hatua tatu: kupasha moto, kuigiza, na mwisho kushirikishana, ambapo kila aliyetazama anasema igizo limemgusa wapi, ili aliyejifunua asibaki peke yake. Dada mmoja akazungumza na marehemu mama yake. Alilia kilio cha kutoka tumboni. Saa nne ikafika, mwezeshaji akatangaza chai, na tuliporudi tukaanza mada nyingine. Hatua ya tatu haikufanyika. Sisi wawili tulibaki na dada yetu kwenye ngazi za nje, chai ikipoa mkononi, tukimshika mgongo. Hakukuwa na mshauri nasaha yeyote aliyeandaliwa. Ukimfungua mtu lazima ujue utamfunga vipi, na huwezi kulifundisha hilo kwa maafisa ustawi huku wewe mwenyewe unalikiuka. Nimewaandikia kwenye fomu ya tathmini na nimewaambia ana kwa ana.

La pili linaniuma kwa namna yake. Siku zote tano Boal alitajwa, Moreno alitajwa, wa nyumbani hakuna. Miaka ya 1980 Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa tayari vijijini, wakikaa na wananchi, wakitafuta kero na kuzigeuza kuwa ngoma na maigizo. Mwaka 1996 ukaanza mradi wa Tuseme kwenye shule za sekondari, wasichana waseme kwa igizo yale wasiyoweza kuyasema mbele ya walimu. Na tulikaa Bagamoyo, mji wa TaSUBa, ile Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, jioni ukipita njiani unasikia ngoma. Mkufunzi mmoja wa pale angetufundisha siku moja tu ya ngoma, tungejua namna ya kumtuliza mtu kwa mdundo uliomlea.

Wiki ya pili tangu nirudi kazini nililetewa binti wa miaka tisa hivi (mambo mengine nimeyabadilisha asitambulike). Kiti cha bluu nilikuwa nimeshakisogeza karibu na mlango, na mlango nikaurudishia bila kuufunga. Nikaweka manila chini, penseli zote zimechongwa. Shangazi yake nilimwomba akae kwenye benchi nje, pale binti anapoweza kumwona. Alichora ndoo. Nikasema, niambie kuhusu picha yako. Akasema, "Ndoo. Imejaa." Nikanyamaza. Zilipita dakika nyingi, magari yanapita, karani anagonga muhuri chumba cha pili. Kisha akasema nani humtuma maji usiku.

Kwa hiyo ndiyo, nendeni. Ila kwa macho haya: siku tano hazimfanyi mtu kuwa mtabibu, na cheti chao ni cha ushiriki tu. Kiti kitupu sitakifanya na mteja yeyote mpaka nipate mtu wa kunisimamia. Sanamu, kanga na michoro ninatumia kila wiki. Wanachuo walio karibu kumaliza watafaidika kuliko sisi tuliokwisha kukomaa na mazoea yetu. Kama ofisi inaweza, nendeni wawili, ili mkitoka ukumbini jioni mwe na wa kuzungumza naye. Beba kanga nzito na nguo ya kukalia chini. Waandaaji nao, kabla ya awamu ijayo, watafute mshauri nasaha akae ukumbini siku zote tano, hata kama ada itapanda kwa ajili hiyo.